Waya wa Kibakwe

Kila jioni tuliitana na kaka yangu kwa redio ya mawasiliano, mimi nikiwa Ipagala, yeye milimani Kibakwe. Simu tulikuwa nazo, lakini simu ni ya kuagizana vitu. Redio ilikuwa yetu wawili.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri tu."

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuambiana ukweli: leo una mikwaruzo, leo umefifia, leo unakuja na kupotea. Watu wa redio hatubembelezani kuhusu mawimbi.

Kiangazi kilipokolea sauti yake ikaanza kudhoofu. Akasema akibonyeza kuongea, mshale wa mita unapanda, yaani nguvu haitoki kwenye antena, inamrudia. Nikajua ni transfoma. Antena yake ilikuwa waya mrefu uliounganishwa na redio kwenye ncha moja. Ncha ya waya kama huo ina ukinzani mkubwa, kebo ya redio ina mdogo, na katikati lazima akae mshenga wa kuzipatanisha koo mbili zisizoelewana. Mshenga huyo ni pete nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya wa shaba.

Nikasuka mpya. Mezani niliweka rezista yenye ukinzani sawa na wa waya ule mahali pa antena, nikapima, ikawa safi kabisa. Nikamtumia kwa basi ndani ya kopo la siagi.

"Mshale bado unapanda," akasema.

"Umefunga vibaya!"

"Nimefunga kama ulivyosema."

"Waya uko juu?"

"Uko juu."

Nikafumua, nikaongeza mizunguko, nikabadilisha pete. Kila transfoma ilipimika vizuri Ipagala na kila moja ilishindwa Kibakwe. Nikalaani pete, nikalaani shaba, nikamlaani na aliyeniuzia. Kaka akawa anasikika kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Nilipomuuliza hali, ilikuwa nzuri tu.

Asubuhi moja shemeji, mke wake, akapiga simu. Figo. Nilipofika kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Tulipotoka makaburini nikazunguka nyuma ya nyumba. Mlingoti wa mkaratusi uliobeba waya wa antena ulikuwa umelala chini, mchwa wameuvamia. Waya ulitoka dirishani kwa kaka, ukaambaa juu ya ua wa miba mpaka kwenye mpapai, na haukuzidi kiuno changu. Transfoma yangu ya mwisho ilikuwa dirishani, imefungwa barabara, maungio yamepakwa grisi. Waya ukilala karibu na ardhi namna ile, hesabu zote zinavurugika. Hakuna mshenga wa kuuweza.

"Upepo uliuangusha," shemeji alisema nyuma yangu. "Akasema atausimamisha akipata nguvu. Huo wa chini aliufunga akiwa kwenye kiti, mimi nimemshikilia."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ungeacha kazi zako uje."

Nilimkasirikia kaka, na udongo wake bado mbichi. Mtu anayekusomea mshale umesimama wapi, bila kukosea, anashindwaje kusema naumwa? Nilitaka kumgombeza, nikaishia kulia nimeushika mpapai.

Kesho yake, watu wakiwa bado wamekaa msibani, nikakata mkaratusi mwingine. Wanaume wakanisaidia kuusimamisha, hawakuuliza wa nini. Waya ukapanda juu kuliko paa. Nikaingia chumbani kwake, nikakaa kwenye kiti chake, nikabonyeza. Mshale ulilala chini kabisa, haukutikisika. Transfoma ilikuwa nzima siku zote.

Nikaita Ipagala. Niliita kwa mazoea, kama yeye alivyokuwa akiita, kisha nikaachia kitufe nikasikiliza. Redio ile hakuna mwingine aliyewahi kuiitikia ila mimi, na ya kwangu nilikuwa nimeizima mwenyewe kabla ya kupanda basi.

Shemeji akachungulia mlangoni.

"Shemeji, hali yako?"

"Nzuri tu," nikamjibu.