Barua Niliyokataa Kumwandikia Daktari Mutheu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, mkuu wa idara aliniita ofisini kwake. Nilikuwa kiongozi wa darasa letu la uhandisi. Chuo kilitaka kumtuza mhadhiri bora, na jina la Daktari Mutheu lilikuwa limependekezwa. Ilibaki barua moja tu kutoka kwa wanafunzi wake, na niliambiwa niiandike mimi.

Sikuiandika. Mama huyo alikuwa amenirudishia kazi yangu mara tatu, imejaa wino mwekundu. "Huyu mathe anatusumbua bure," wenzangu walilalamika. Sisi tuliwapenda wahadhiri waliotusomea maelezo yao na kutuachilia mapema. Yeye alitupeleka kwa miguu hadi mtaa wa mabanda wa Mathare, akatusimamisha kando ya kivuko cha mbao juu ya mto. Akanionyesha mama mmoja aliyekuwa akivuka, mtoto mgongoni, mtungi wa maji mkononi.

"Ukikosea hesabu," akaniambia, "huyo ndiye ataanguka."

Nilinuna. Mkuu aliponiuliza kuhusu barua, nikamjibu, "Hana lolote jipya, bwana." Tuzo ikaenda kwa mwingine.

Nilijenga madaraja miaka mingi. Kila nilipotaka kutia sahihi mchoro, nilimwona yule mama na mtoto wake, nikarudia hesabu. Hakuna daraja langu lililoanguka. Hata hivyo sikumtafuta mwalimu wangu, hadi nilipostaafu, mke wangu akaaga dunia, na nyumba ikawa kimya kupita kiasi.

Nilimpata mtaani Donholm, amezeeka, anaishi peke yake. Nikamweleza yote, hata habari ya ile barua.

"Niliacha kufundisha mwaka uliofuata," akasema. "Nilidhani hakuna aliyenisikia."

"Tulikusikia, mwalimu."

"Sasa mbona hukusema, kijana wangu?"

Akanimiminia chai, tukainywa hadi ikaisha. Niliposhuka ngazi zake nilikuwa mpweke zaidi kuliko nilipopanda, nikiwaza wanafunzi wote waliomkosa.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiulizwa ni nani anayekufunza vizuri, usikimbilie kumtaja anayekuchekesha au anayekupa alama za bure. Mtaje anayekufanya ufikiri, hata kama leo umemkasirikia. Eleza alichokufanyia, wapi na vipi, ili wakubwa wake wajue. Kisha mwambie mwenyewe, angali amesimama mbele yenu na chaki mkononi. Mungu akukutanishe na mwalimu wa namna hiyo, naye akujalie moyo wa kumshukuru mapema.