Uzi Mwekundu kwenye Bunduki ya Baba

Nikifungua chupa ya mafuta ya cherehani, harufu ikipanda puani, hasira inanipanda nayo. Wateja wangu wa ushonaji hapa mtaani Kikula hudhani nimeudhika na nguo zao. Hapana, bwana. Ni bunduki ya baba. Ilinuka mafuta hivyohivyo siku ile dukani, nami nilikuwa na miaka sita, nimevaa gauni la kanisani, sijui kusoma hata herufi moja.

Baba alikuwa shefu wa timu, msimamizi wa wafanyakazi, kwenye kiwanda cha shaba kule Shituru. Zamani alikuwa akimfuata injinia mmoja Mzungu porini kila Jumapili, anambebea bunduki, anambebea chakula, anarudi nyumbani na kipande cha nyama na hadithi ndefu. Injinia alipohama nchi, baba alibaki na hamu yake. Alihangaikia kibali cha bunduki mpaka soli za viatu zikaisha. Alipokipata alikitia kwenye mfuko wa abakosi, lile koti lake la heshima, akawa anakionyesha kwa anayetaka na asiyetaka.

Wakati huo mbogo walikuwa wanamaliza mahindi ya nyanya yangu upande wa Kapolowe. Baba akawaahidi wakwe zake kwamba bunduki yake ya kwanza itawaondolea balaa hilo. Mjomba Ngoy, kaka yake mama, aliyewinda tangu ujana kwa gobore la kijijini, akaitwa aje kusaidia kuichagua.

Tulikwenda watatu. Mwenye duka, mzee mmoja Mgiriki, alilaza bunduki mbili juu ya meza. Moja ilikuwa fupi, nene, mbao yake imechubuka, haina urembo zaidi ya mwiko wa kusongea bukari. Nyingine ilikuwa ndefu, nyembamba, inang'aa, ina darubini juu, na karibu na chuma cha kufyatulia ilifungwa uzi mwekundu wenye kikaratasi kinachoning'inia. Mjomba aliishika kila moja, akaipima uzito, akairudisha. Kisha akaomba risasi zake, akazisimamisha mezani. Ya ile nene ilikuwa kama kidole gumba cha mwanamume. Ya ile ya darubini ilikuwa kama kidole changu cha mwisho.

"Shemeji, hii ndogo ni ya swala," alisema. "Mbogo ukimupiga na hii, unamukasirisha tu. Kamata ile nene."

Baba alikuwa ameshaiegemeza ile ya darubini begani. "Injinia alikuwa na ya namna hii."

"Injinia alikuwa anaua swala."

Mgiriki akaanza kufuta miwani yake. Baba alitoka jasho, kisha ghafla akaninyanyua, akanisimamisha juu ya kiti. "Kwetu," alisema kwa sauti kubwa, "bunduki ya kwanza inachagulwaka na mutoto. Mukono ya mutoto iko na bahati. Mado, chagula!"

Jamani! Mtoto wa miaka sita! Niliona nini mimi? Niliona uzi mwekundu. Nikaugusa, baba akapiga makofi, mjomba akageukia mlango.

Asubuhi ya kwanza kule mashambani baba alifyatua, akampata mbogo begani, na mbogo hakuanguka. Aliingia kwenye majani marefu. Mbogo mwenye kidonda haachwi karibu na mashamba ya watu, kwa hiyo mjomba, aliyejua kufuata damu, akatangulia. Mnyama akamtokea ubavuni, akamtupa chini kwa pembe. Mjomba alipona, lakini mguu wake wa kulia ulibaki umepinda daima na hakuwinda tena.

Mama alilia hospitalini, akamuuliza baba bunduki gani ile. Baba akajibu, "Mutoto njo alichagulaka," mtoto ndiye aliyechagua. Akalirudia neno hilo kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye ubatizo wa mdogo wangu. Shangazi wakinitazama, nilijificha nyuma ya mama. Kila usiku nilisali mguu wa mjomba unyooke. Dada zangu waliponiambia nichague kitambaa cha Krismasi, nilificha mikono mgongoni.

Nilikwisha kuolewa nilipopata moyo wa kwenda Kapolowe na sukari na sabuni, nikapiga magoti mbele ya mjomba, nikaomba msamaha. Mjomba akaniinua.

"Weye? Weye haukuchagula kintu, mama. Baba yako aliisha kuwekesha ile bunduki kwa Mugiriki mbele ya siku ile, isiuzwe kwa mutu mwingine. Ile karatasi ya uzi iliandikwa jina yake. Niliisoma palepale."

"Na mkono wa mtoto?"

"Hakuna desturi kama ile. Aliitunga, sababu nilikuwa ninamushinda mbele ya Mugiriki."

"Mbona ulinyamaza miaka yote hii?"

"Ni bwana ya dada yangu. Ningesema nini?"

Naye pia nikamkasirikia, licha ya mguu wake ule. Njiani kurudi ndipo nilipoelewa kwa nini nilipandishwa kwenye kile kiti: baba alitaka pa kujificha, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Pasaka iliyofuata tulijaa nyumbani Shituru. Mwanangu wa kwanza akauliza kwa nini babu Ngoy anachechemea. Baba, mzee sasa, meno yamepungua, akacheka na kuninyooshea kidole. "Mama yako njo alichagulaka bunduki."

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Aligeuka akanitazama, kama shangazi walivyonitazama.

"Papa," nilisema, kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "kwenye ile karatasi ya uzi mwekundu, kuliandikwa jina ya nani?"

 Baba akaomba maji. Hakuna aliyeinuka, na mimi, nasema wazi, nilikaa palepale. Mwishowe mjomba Ngoy alishika fimbo yake, akajiinua polepole, akaenda jikoni kumletea. Sote tulisikia mguu ule ukiburuta sakafuni, kwenda na kurudi, na safari hii baba hakuwa na mtoto wa kumsimamisha mbele yake.