Kafa Bila Ruhusa

Sikuzani, jirani yangu hapa Mkomaindo, amebangua korosho kiwandani mpaka vidole vyake vimekuwa vyeusi, havitakati hata kwa limau. Ukimpa mkono unaijua kazi yake bila kuuliza. Alipoachishwa kazi hiyo, wapo waliosema mdomo ndio uliomponza. Waongo. Kilichomponza ni kicheko, tena cha watu wengine.

Meneja wake, Salmini, ni mtu wa Mnyambe, na ukoo wake na ukoo wa Sikuzani ni watani toka enzi za mababu. Mama yake Salmini alipofariki, Sikuzani alikwenda kufanya kazi ya mtani. Kwetu msiba usio na mtani ni mboga isiyo na chumvi. Wafiwa wanalia, mtani anawachekesha, na hakuna anayemkasirikia. Basi jeneza lilipotaka kutoka, Sikuzani akavaa viatu vya Salmini vilivyokuwa mlangoni, akafunga mikono mgongoni kama meneja anavyofanya akikagua wabanguaji, akaziba njia.

"Nani kamruhusu huyu mama kulala saa za kazi?" akafoka. "Kafa bila ruhusa! Mkateni mshahara!"

Msiba mzima uliangua kicheko. Hata Salmini, machozi yakimtiririka, alicheka, akavikomboa viatu vyake kwa jogoo. Balaa ni kwamba mwenye kiwanda naye alikuwepo, kaja kutoka Dar es Salaam kuhani. Naye alicheka, kisha akamgeukia Salmini: "Kwani ndivyo unavyoishi na wafanyakazi?"

Wiki iliyofuata Sikuzani akaambiwa amemdhalilisha mkuu wake hadharani, kazi basi. Hakuitwa kujieleza. Alimfuata Salmini ofisini, akamwambia, "Mtani, utani umekwisha, nirudishe kazini." Salmini akaendelea kuandika.

Hasira zilinipanda mimi, ambaye hata kazi ya kufukuzwa sina. Nikamwambia Sikuzani, "Mama Faidha, usikae ukalia. Nenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukadai." Nikamsindikiza mwenyewe hadi Mtwara.

Usuluhishi ulishindikana, kwa sababu Sikuzani alitaka kitu kimoja tu: arudi kwenye benchi lake. Shauri likaenda kwa mwamuzi, naye akamuuliza Salmini kama ni kweli yeye na Sikuzani ni watani.

"Mimi sina utani na huyu mama," alijibu Salmini, tena kwa kiapo.

"Na jogoo uliyempa?"

"Sadaka."

Sikuzani alikuwa hajalia tangu aachishwe kazi. Hapo ndipo alipolia.

Alishinda. Mwamuzi alisema hapakuwa na sababu ya haki, na mama wa watu hakusikilizwa, akaamuru arudishwe kazini. Tukapiga vigelegele barabarani kama wajinga. Kiwanda kikakataa kumpokea, kikachagua kumlipa fidia, maana sheria inawapa njia hiyo. Haki alipewa, lakini mlango wa kiwanda una mwenyewe. Sasa anauza maandazi karibu na stendi, na wateja wageni huvitazama vile vidole mara mbili kabla ya kununua. Inaniuma kila nikipita.

Majuzi baba yake Salmini naye akafariki. Tulikwenda Mnyambe, mimi na Sikuzani. Viatu vya meneja vilikuwa pale pale mlangoni, vimepangwa vizuri. Jeneza likainuliwa. Watu wakageuka kumtazama Sikuzani, wakingoja, wengine wameshaanza kutabasamu. Yeye alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake, kajifunika kanga.

Salmini akaja mwenyewe, akainama mbele yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Mtani," akanong'ona, "hutufanyii kitu? Mzee anaondoka hivi hivi?"

"Pole kwa msiba, bwana meneja," alijibu Sikuzani. "Mimi nimekuja kuhani tu, kama wageni wengine. Mtani wako simjui. Uliapa huna."

Salmini akainuka. Kisha akaenda mlangoni, akavaa viatu vyake, hakuna aliyemzuia. Jeneza likatoka kimya.