Mapigo Matatu Nyuma ya Pazia

Miaka mitatu niliishi na mke wa mwanangu nyumba moja, kijijini kwetu Ibighi, bila kuuona uso wake. Ndivyo tulivyolelewa Wanyakyusa wa rika langu: mkwe na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Akisikia nakohoa, anajifunika khanga na kupitia nyuma ya migomba. Nilimjua kwa mlio wa vidole vyake kwenye kompyuta, akiandika programu huku mimi nikisoma Zaburi sebuleni.

Mwanangu ndiye aliyemfundisha kuiwasha. Yeye alimaliza chuo, akakosa kazi, akaishia kupima majani ya chai kiwandani. Mkewe alijisomea, akafanya mtihani wa waandishi wa programu, akafaulu, akabandika cheti ukutani. Kampuni ya Dar ikampangia usaili wa mtandaoni, saa tisa alasiri.

Siku yenyewe, saa nane, mwanangu aliingia amelowa mvua.

"Hii karatasi ndiyo inakupa kiburi?"

"Si kiburi. Waombaji ni wengi, asiye na cheti anawekwa kando kabla hajasikilizwa. Kazi yenyewe watanipima."

"Mimi nimekufundisha kuwasha! Leo utanijua."

Nikasikia karatasi ikichanika, kisha ngumi, kisha kichwa kikigonga ukuta. Nilisimama nimeshika pazia la chumba chao. Mungu anisamehe, yalipita mapigo matatu nikiogopa mwiko kuliko damu. La nne niliingia.

Alikuwa sakafuni, mdomo umepasuka, ameikumbatia kompyuta. Mwanangu ameinua mpini wa jembe. Nikampiga mkono kwa fimbo yangu, mpini ukaanguka. Akanisukuma, nikaangukia meza, jino likanitoka.

"Baba! Umeingia kwa mkweo?"

"Nimeingia. Toka."

Akatoka akicheka vibaya. "Haya, akawaonyeshe vipande!"

Mkwe alikuwa akipapasa khanga ajifunike. "Acha, mama," nikamwambia. "Nitazame." Akanitazama. Jicho moja lilikuwa limeanza kuvimba.

"Baba," akasema, neno lake la kwanza kwangu, "karatasi ilikuwa pambo tu. Cheti kina namba, wanaangalia wenyewe kwa waliokitoa."

Nilifunga mlango wa nje, nikauegemea kwa mgongo. Mwanangu alirudi, akaupiga mateke hadi bawaba moja ikang'oka. Ndani, kwenye kompyuta, waliomsaili waliangalia namba, haikuchukua hata dakika, kisha wakampa programu mbovu airekebishe kwa saa nzima. Nilisikia vidole vyake vikienda, vikisimama afute damu, vikienda tena. Niliomba kwa kila teke.

Kampuni ilimchukua kazini. Alihamia kwa dada yake Mbeya, na kila Jumapili ananipigia simu. Namshukuru Mungu kwa sauti ile.

Wazee wenzangu wa kanisa walinitaka niungame kuingia chumbani kwa mkwe. Nikasimama mbele yao na pengo langu, nikaungama yale mapigo matatu.