Rules mlizonipa humu zilivyofuta barua za wajane wa kambini

Wakuu, salamu kutoka Kamina.

Hii siyo stori ya kusimuliwa. Imenitokea mwenyewe, kwa mikono yangu, na log, yaani kumbukumbu za server, ninayo mpaka leo. Kiswahili changu ni cha Katanga, pakipinda mtanivumilia. Na mjue mapema kwamba sikuja kumbembeleza mtu.

Nafanya IT kwenye shirika dogo hapa mjini. Tunapokea dossier, yaani mafaili ya maombi, za watoto yatima wa askari, tunazihakiki, halafu tunazituma kwenye shule zinazokubali kuwasomesha. Wengi wa mama zao wanatuandikia email kutoka kambini, maana kutoka base ya jeshi mpaka huku mjini ni safari. Mail server ni yetu wenyewe, iko kwenye chumba changu na inatumia solar.

Mwaka jana secretary wetu alibonyeza link ya uongo akatoa password. Siku mbili tu, server yetu ikawa inamwaga spam dunia nzima, domain ikaingia blacklist. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyepokea barua yetu.

Nikaleta uzi humu jukwaani kuomba msaada. Wengi mlinisaidia kiungwana, asanteni.

Lakini kuna jamaa walinipa list ya rules za kuzuia spam, tayari, wakasema copy, paste, kalale. Mmoja akaongeza kwamba nikiweza kublock Congo yote, nusu ya spam imekwisha. Mkacheka. Hata mimi nilicheka, na minyi, mimi huyu, niko Congo.

Nikapaste yote. Kila neno la mashaka lina pointi zake, barua ikifikisha pointi tano inatupwa. Na kwa ujuaji wangu sikuweka quarantine, pale barua inapowekwa kando ikaguliwe, niliweka discard. Yaani barua inafutwa kimya kimya, aliyetuma haambiwi kitu na anayetumiwa hajui kama iliwahi kuja.

Inbox ikawa safi. Directeur akanisifu mbele ya wafanyakazi wote, nikavimba kichwa.

Sasa Alhamisi moja akaja mama mmoja wa kambini, nitamwita Mama Furaha. Mume wake alikuwa sajini, alifia mashariki. Binti yake Furaha anataka shule ya uuguzi Lubumbashi, na orodha ya majina ilikuwa inafungwa kesho yake saa sita mchana. Alikuja kuuliza kwa nini hatumjibu.

Nikamwambia hakuna barua yake. Akasema ameandika mara tatu. Nikamweleza, kwa ile sauti yetu watu wa IT mnayoijua, kwamba bila shaka alikosea address.

Halafu akasema, "Mwanangu, minyi sijue kuandika. Papa Kasongo njo aliandika. Papa Kasongo haweze kukosea."

Papa Kasongo ni karani mstaafu wa reli. Ana meza sokoni na kompyuta moja, na karibu kambi nzima inaandikiwa barua na yeye. Email zote zinatoka kwenye address yake moja, zote zinaanza kwa maneno yaleyale ya heshima, na zote ni HERUFI KUBWA mwanzo mpaka mwisho. Ndivyo alivyofundishwa kazi enzi zake.

Mnaona tunakoelekea.

Nikafungua log nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Kusema kweli nilitaka kumuumbua.

Zilikuwepo zote tatu.

Discard. Discard. Discard. Subject: VEUVE DE FEU SERGENT, yaani mjane wa marehemu sajini. Nikaangalia pointi. Mjane, tatu. Marehemu askari, tatu. Congo, mbili. Urgent, moja. Herufi kubwa, moja. Address moja inayotuma barua nyingi zinazofanana, mbili. Jumla kumi na mbili, wakati tano tu zinatosha kukutupa nje.

Na juu yake kulikuwa na nyingine, za wanawake wengine, za miezi. Barua zenyewe hazipo tena, zimebaki subject na tarehe tu.

Ngoja niseme jambo hapa. Ile list aliiandika mtu ambaye kwake mjane wa askari wa Congo ni tapeli, basi. Hajawahi kumwona hata mmoja. Mimi nawaona kanisani, nawaona msikitini, mihogo ninayokula nanunua kwao. Na bado nilikubali kuwapima majirani zangu kwa kipimo cha mtu huyo, nikasifiwa juu yake. Niliwakasirikia nyinyi, lakini nilijikasirikia mwenyewe zaidi.

Nikampigia mtaalamu wa Lubumbashi anayetushauri. Akasema afadhali kupoteza barua moja kuliko kuingiliwa tena, nimweke huyo mzee kwenye whitelist, orodha ya wanaopita bila kukaguliwa, yaishe. Directeur naye akasema hivyo hivyo.

Nikakataa.

Kwani akifa Papa Kasongo? Akija karani mwingine na address nyingine? Nikamwambia Directeur rules hizi zinatoka leo, zote, au atafute mtu mwingine wa kushika server. Nina watoto wanne na sina kazi nyingine ya kukimbilia, lakini nilisema. Akasema spam ikirudi, njo minyi nitajibu, siyo yeye. Nikasema sawa, nitajibu.

Mchana uleule nikafuta kila rule inayomhukumu mtu kwa maneno yake. Nikabakiza zinazokagua barua imepitia njia gani: SPF, DKIM, greylisting. Attachment za .exe hazipiti. Wafanyakazi wote login yao inataka code ya pili kwenye simu, maana tuliibiwa kwa password, hatukuibiwa na mjane. Discard nikaiua. Barua ya mashaka inakwenda quarantine na naisoma mwenyewe kila asubuhi na chai yangu. Spam chache zinaingia, nazifuta kwa mkono, sijafa.

Papa Kasongo nilimwomba aache herufi kubwa. Akakataa katakata, barua ya mukubwa inaandikwa na herufi kubwa. Nikamwacha.

Ijumaa asubuhi dossier ya Furaha ikaondoka. Dakika mbili ikarudi: message rejected, spam. Server ya shule nayo ina rules za aina ileile.

Mama Furaha alikuwa amekaa pale pale ofisini. Nikamwambia kuna njia ya mkato, tutoe neno mjane, tutoe neno askari, tuandike tu kwamba mzazi anamwombea mtoto nafasi. Itapita.

Akasema, "Bwana yangu alikufa askari. Sitamuficha sababu ya mashini."

Nikashika simu. Shuleni mmoja akanipeleka kwa mwingine, mwingine akanikatia, nikapiga tena. Saa tano na robo nikampata mwenzetu anayeshika server yao. Nikamwambia afungue log, atafute neno veuve. Akasema ana kazi. Nikamwambia nangoja, na sikukata.

Akafungua. Akaanza kunisomea subject, moja baada ya nyingine.

"Hawa wote ni wa kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia mmoja wao amekaa mbele yangu. Akafungua njia, nikatuma tena bila kubadili hata neno, ikaingia kabla ya saa sita. Furaha yuko darasani sasa.

Wiki iliyofuata nilichukua majina kutoka kwenye log, nikapanda pikipiki kwenda kambini, nyumba kwa nyumba. Baadhi tuliwahi. Wengine orodha zao zilikuwa zimeshafungwa, na nilisimama mlangoni nikawaambia kwamba aliyefuta barua ni mimi. Mama mmoja hakugombana. Aliniuliza tu kama barua yake ilikuwa mbaya. Nikamwambia ilikuwa nzuri sana, ingawa sikuwahi kuisoma.

Nilichojifunza: filter uliyoazima inakuja na dharau za aliyeiandika. Usiweke kitu kinachofuta watu kimya kimya, halafu ukajisifu kwamba kuna utulivu.

Karibuni mtoe maoni, hata matusi nitayasoma yote. Nyie mlionipa ile list pia mko humu, nawaona mko online. Fungueni log zenu kwanza, halafu ndiyo mje kunibishia.