Kioo Kinachobamiza

Mume wangu ni mpiga picha, na mtaa mzima unamwita Bwana Tulieni. Kazi yake ni kunakili picha za zamani. Kamera anaifunga kwenye stendi, inatazama mezani, na kabla hajabonyeza anaamuru, "Tulieni!" Mimi chumba cha pili nasimamisha cherehani, mguu hewani.

Na kamera yenyewe ndiyo yenye kelele. Ndani mna kioo kinachoruka juu ili filamu ipate mwanga. Kikifika kinagonga kla! kama mlango wa mwenye nyumba mkorofi.

Picha aliyoihangaikia kuliko zote ni ya marehemu mama yake, moja tu iliyobaki, imeliwa na kuvu. Kila alipoitoa bahashani, magamba mawili matatu yalibaki mezani. Na kila alipoinakili, uso ulitoka mara mbilimbili.

"Cherehani yako hiyo inatikisa meza," ananiambia.

Miaka mitatu nikashonea nje, juani, kama niliyefukuzwa.

Mwaka huu dada yangu alijifungua, nikakaa kwake wiki nzima. Kurudi, nakuta nakala mpya inaning'inia, imetikisika vilevile.

"Haya, baba watoto. Wiki hii nani alishona? Jini?"

Nikaweka kizibo cha chupa chenye maji juu ya kamera. "Bonyeza."

Kla! Maji yakacheza, mengine yakamwagika.

"Mimi cherehani nilisimamisha. Na wewe simamisha kioo chako."

"Hakisimamishiki."

"Basi kisubiri kitulie."

Nikaziba lenzi kwa kitambaa cheusi. Akafungua kamera kwa waya wake wa kubonyezea, akashikilia isijifunge. Kioo kikagonga. Tukahesabu mpaka tano, nikaondoa kitambaa, tukahesabu nne nyingine, nikarudisha.

Picha ikatoka safi, hata mshono wa kola unauona. Ila mdomo haupo. Gamba lake lilishabanduka, siku gani hatujui.

Akaketi na nakala mbili mapajani: ya zamani ina mdomo lakini hausomeki, ya sasa inasomeka na mdomo haina. Maneno yangu ya miaka mitatu nilikuwa nayo tayari kinywani. Nikayameza.

"Mke wangu, wewe una jicho. Pale mama alikuwa anatabasamu?"

Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Na picha yake, kila ilipotolewa, mimi nilikuwa chumba cha pili au nje, nashona.