Nyumba Inayongoja Kunyeshewa

Sijawahi kuombea mvua kwa bidii kama mwaka ule, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyotuharibia nyumba. Mto ulifurika ukabeba ukuta wa jikoni na sufuria zetu, tukahamia chumba cha kupanga Mbugangari: mimi, mama na cherehani yake. Serikali ikaanza kutujengea nyumba Kanzenze, chini ya mlima wa volkano, sisi na majirani wetu wa bondeni.

Injenyeri wa mradi alikuwa dada aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Kabla ya kuchimba msingi alitukusanya, akauliza ni hatari gani zinaweza kuziharibu nyumba hizi. Watu wakataja mvua, matetemeko, saruji kuibwa. Mimi nikataja mashemeji. Wakacheka, mama akanifinya. Dada akasema mashemeji hana dawa yao, ila maji ya mlimani atayachimbia mtaro upande wa juu wa nyumba ili yapite pembeni. Kisha akaweka sharti: hakuna kupewa ufunguo mpaka mvua moja kubwa inyeshe na sakafu ibaki kavu. Ikilowa, mafundi wanarudi kazini, sisi tunabaki chumbani kwetu.

Nyumba zikaisha. Jua nalo likakataa kuondoka. Kila nikitoka shule natazama volkano, natafuta wingu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tukaambiwa wageni wa wilaya watapita mchana. Si unatujua kwa usafi? Tukafagia, tukapanda maua, tukapaka mawe chokaa. Mtaro ukabaki pale kama pengo la jino kwenye picha ya harusi. Injenyeri alikuwa ameenda barabarani kupokea wageni, basi tukaufukia wote kwa nyimbo, tukatandika nyasi juu. Ulipendeza, bon, ulipendeza kweli.

Kabla ya wageni, likaja wingu. Nikaanza kucheza uwanjani, mvua yetu hiyo. Mama, amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akatazama wingu, akatazama nyasi.

"We mutoto, acha kucheza. Ile maji itapita wapi?"

Watu wote wakageuka kuangalia nyasi. Kilichofuata ni wazimu: majembe, sepetu, karai, mzee mmoja na sahani. Injenyeri akaja mbio na viatu vya kupokelea wageni, akaruka mtaroni. Mvua ikamwagika, maji ya kahawia yakashuka mlimani yakafika kona yetu, ambako udongo ulikuwa bado haujaondolewa. Nikauparua kwa mikono na kwa miguu mpaka maji yakausukuma wote, pamoja na kiatu changu cha shule, yakapita pembeni. Tukapiga kelele kama tumefunga bao.

Injenyeri akaja mlangoni kwetu, matope hadi magotini. Mama akamzuia.

"Dada, pole. Na hiyo miguu utalowesha sakafu, kisha useme ni mvua."

Akanawa kwa maji ya paa, akaingia, akapapasa kila kona kwa kiganja. Kikatoka na vumbi tu. Akampa mama ufunguo.

Mama akaniambia nitoke kidogo, anajaribu kitasa. Nikatoka, akafunga. Nikagonga huku nanyeshewa, nikabembeleza kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa. Ndani nasikia anacheka peke yake.

"Mwenye nyumba iko anapumuzika," akajibu.